"Mwacheni Alale": Saa Zinazoua Baada ya Glasi ya Mwisho

Sumu ya pombe ni hali inayompata mtu aliyekunywa kileo kingi kuliko ini lake linavyoweza kukiondoa, au aliyekunywa kinywaji kilichotiwa kemikali ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la binadamu. Hali hizi mbili huitwa kwa jina moja, na vijijini Kisii na Nyamira, nchini Kenya, zinaweza kutokea mahali pamoja, kwa mama pima (muuza pombe) yuleyule na katika glasi ileile. Lakini kila moja ina njia yake ya kuua. Ya kwanza humwondoa mtu usiku uleule akiwa usingizini. Ya pili humwacha aamke asubuhi, anywe chai, aende shambani, kisha jioni imzimie macho au imwangushe. Katika hali zote mbili, kati ya glasi ya mwisho na kifo huwa kuna saa kadhaa za kumwokoa mgonjwa. Saa hizo hupotea kwa maneno mawili ambayo karibu kila boma limewahi kuyatamka: mwacheni alale.

Pombe si jambo geni kwa Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Wazee walikaa wakakizunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mambo ya ukoo, mahari na mashamba yakazungumzwa hapo. Pombe ile ilikuwa nzito kama uji na kileo chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo tumbo lilijaa kabla kichwa hakijazidiwa. Chang'aa ni jambo jingine kabisa. Mahindi, wimbi, sukari guru au molasi huchachushwa kwa siku kadhaa hadi kuwa kangara, kangara ikachemshwa ndani ya pipa, mara nyingi kando ya mto palipo na maji ya kupoza, na mvuke unaopanda ukakusanywa kuwa majimaji meupe. Kileo huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa nyuzi 100, ndiyo maana mvuke wa mwanzo hubeba kileo kingi. Yanayotoka hapo hayana kipimo. Mnywaji hajui kama glasi ya leo ina nguvu sawa na ya jana, na hata aliyeipika mwenyewe hajui.

Sheria imejaribu njia mbili. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa nchini. Miaka 30 baadaye ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la sheria ya Mututho, wakimtaja John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliondoa marufuku ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa kwa leseni, ikiwa imefikia viwango na kutiwa katika chupa za kioo. Kwa mama anayepika nyuma ya jiko ili apate karo ya mtoto, leseni na chupa za kioo ni ndoto. Kwa hiyo chang'aa inayonywewa vijijini ni ileile isiyopimwa, na anayeiuza pamoja na anayeinywa huishi wakisikilizia kama chifu au polisi wanakuja. Hofu hiyo, kama itakavyoonekana, ina sehemu yake katika vifo.

Kileo cha kawaida, ambacho wanakemia hukiita ethanoli, huondolewa na ini kwa mwendo wake wenyewe, na hakuna kitu kinacholiharakisha. Kwa mtu mzima wa wastani ini humaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20, hivyo huchukua saa 2 au 3. Sasa chukua glasi ya robo lita ya chang'aa yenye nguvu ya asilimia 40: ndani yake mna karibu gramu 79, kazi ya ini ya saa 8 hadi 11. Mtu akipiga glasi tatu za namna hiyo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, huku tumbo lina chai ya mchana tu, ini limekabidhiwa kazi ya mchana kutwa na usiku kucha. Kinachobaki huzunguka katika damu hadi kwenye ubongo.

Ubongo hulewa kwa hatua. Haya hupungua kwanza, kisha ulimi na miguu hupotea, kisha fahamu. Chini kabisa ya ubongo, karibu na shingo, ndipo kilipo kitovu cha kupumua, nacho ndicho cha mwisho kulazwa. Kikilazwa, mtu husahau kupumua. Kabla ya kufika hapo kuna hatari nyingine inayoua mapema zaidi. Mlevi aliyezimia akitapika hawezi kukohoa wala kugeuka, na matapishi huteremka mapafuni. Wengi wanaosemwa kwamba waliuawa na pombe, kwa hakika walisongwa na matapishi yao wakiwa chali kitandani, watu wa nyumbani wakiwa chumba cha pili.

Jambo ambalo halieleweki vizuri ni kwamba mtu huendelea kulewa baada ya kuacha kunywa. Pombe iliyo tumboni na kwenye utumbo huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kuanguka. Aliyekuwa anaguna saa tatu usiku anaweza kuwa hasikii hata akifinywa ifikapo saa nne. Kumlaza na kufunga mlango ni kumwacha azidi kuzama peke yake.

Mazingira ya Gusii nayo yana yake. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Borabu katika Nyamira nchi inapanda zaidi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na usiku una baridi. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mlevi akahisi joto huku mwili ukipoteza joto lake haraka. Aliyelala mtaroni, kwenye majani ya chai au kando ya njia ya kuteremkia mtoni, nguo zikiwa zimelowa, anaweza kufa kwa baridi kwa kiasi cha pombe ambacho kisingemuua chumbani. Pombe pia hulizuia ini kutengeneza sukari mpya ya damu. Kwa mtu ambaye hajala, sukari hushuka hadi akapata degedege, na walio karibu wakadhani ni ulevi tu. Vijana wembamba na watoto walioonja mabaki ya glasi ndio wanaoumizwa zaidi na hili. Kwa mtoto mdogo, kiasi ambacho mtu mzima hangekihisi kinatosha kumfikisha wodini.

Dalili zinazopaswa kumtoa mtu kitandani na kumpeleka hospitali ni chache na zinaonekana kwa macho: haamki akiitwa na kutikiswa, anatapika bila fahamu, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika kwa sekunde 10 na zaidi, ngozi ni baridi na midomo imekuwa ya buluu, au ana degedege. Moja tu kati ya hizo inatosha. Wakati gari linatafutwa, alazwe kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinamishwa kidogo ili matapishi yatoke nje. Afunikwe blanketi, na mtu akae naye akimhesabia pumzi.

Yale yanayofanywa mara nyingi hayasaidii, na mengine yanaua. Kahawa kali humfanya mlevi awe macho kidogo bila kupunguza hata tone la kileo katika damu. Kummwagia maji baridi kunamzidishia baridi. Maziwa, maji ya chumvi au kidole cha kumtapisha mtu aliyezimia ni njia fupi ya kumsonga. Kumtembeza ni kumtafutia pahali pa kuanguka. Bodaboda, ambayo ndiyo gari la wagonjwa la milima hii, ina hatari yake. Mgonjwa aliyezimia akibanwa katikati ya dereva na msaidizi, kichwa huangukia kifuani au nyuma, na koo hujikunja kila pikipiki inaporuka jiwe. Pasipo njia nyingine, anayekaa nyuma ndiye mwenye kazi ya kukishika kichwa na kuangalia pumzi hadi barabarani panapopatikana gari.

Hali ya pili ni methanoli, na hapa makosa ya watu wenye nia njema ni mengi zaidi. Methanoli ni ndugu wa ethanoli. Haina rangi, inanukia karibu sawa, inalewesha, na mtu hawezi kuitambua kwa ulimi. Hutumiwa viwandani kuyeyushia rangi na vanishi, na kama fueli. Wapo wanaoamini kwamba methanoli hutoka kwenye pipa la chang'aa lenyewe, na kwamba mpishi akimwaga matone ya kwanza kinywaji ni salama. Ukweli ni kwamba uchachu wa nafaka na sukari hutoa methanoli kidogo mno. Matunda hutoa zaidi, lakini nayo ni nadra yafikishe kiasi cha kuua umati. Watu wanapokufa kwa makumi, karibu kila mara kuna aliyetia kemikali ya kiwandani katika pombe, ama kwa kudanganywa na muuzaji wake ama kwa tamaa ya kuongeza ukali kwa bei nafuu. Kwa hiyo mama anayepika kwa mikono yake anaweza kumlewesha mtu hadi kufa, lakini sumu inayopofusha kijiji kizima huja kwa jerikeni kutoka kwingine.

Kenya imelipa bei ya jerikeni hizo. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi iliua zaidi ya watu 130; mamia walilazwa na baadhi walitoka wakiwa vipofu. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a. Madaktari wa Norway na wenzao walioandika kuhusu mkasa huo walihesabu wagonjwa wapatao 341, na 100 kati yao wakafa. Julai mwaka huohuo kukawa na wimbi jingine la wagonjwa 126 na vifo 26. Februari 2024, kijijini Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa. Serikali ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi kilichoondolewa katika kituo cha polisi. Mikasa hiyo ilitokea mbali na Gusii, lakini barabara zinazoleta bidhaa Kisii mjini, Keroka na Nyamira hazichagui jerikeni. Msimu wa bonasi ya chai, pesa zinapoingia mifukoni kwa pamoja, mwenye pombe ya bei ya chini hakosi wateja.

Methanoli yenyewe haina sumu kubwa. Sumu hutengenezwa na ini la mnywaji. Kimeng'enya kilekile kinachovunja ethanoli huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii huzinyima chembe za mwili uwezo wa kutumia oksijeni, hata kama mapafu yanavuta hewa vizuri. Neva ya jicho, yenye njaa kubwa ya oksijeni, hufa mapema. Pamoja nayo hufa sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo. Kazi hii huchukua muda. Dalili huanza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa. Ikiwa glasi ilikuwa na ethanoli pia, huchelewa zaidi, kwa sababu kimeng'enya hupendelea ethanoli na kuiweka methanoli kwenye foleni. Mtu hulala, akaamka na kile anachodhani ni uchovu wa kawaida wa asubuhi, akaenda kutoa loki, yaani kuondoa uchovu huo, kwa glasi nyingine. Loki ikionekana kutoka, saa za hatari zimesogezwa mbele tu.

Kisha kichwa huuma, tumbo husokota, mtu hutapika. Anahema kwa nguvu kama aliyepanda mlima wa Manga akikimbia, ingawa amekaa kwenye kigoda; mwili unajaribu kuitoa asidi kupitia pumzi. Macho huona ukungu au weupe mtupu, kama mtu aliyeingia ndani ya wingu, au mgonjwa huuliza kwa nini taa hazijawashwa wakati ni adhuhuri. Mililita 10 za methanoli safi, vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha. Mililita 30 zimewahi kuua. Mnywaji yeyote anayelalamika kuhusu macho siku inayofuata ni mgonjwa wa dharura, awe anatembea au amelala.

Matibabu yapo na yanafanya kazi yakiwahi. Dawa iitwayo fomepizoli hukizuia kile kimeng'enya kisitengeneze asidi, lakini ni ghali na haipatikani kwa urahisi Afrika. Badala yake madaktari hutumia ethanoli ya hospitali iliyopimwa, kwa dripu au kwa mpira wa tumboni, ili ini lishughulike nayo na methanoli itoke polepole bila kugeuzwa. Kazi hii huhitaji vipimo vya damu kila baada ya saa chache, na haiwezi kuigwa nyumbani kwa chupa. Huongezwa baikaboneti ya kupunguza asidi na dawa za jamii ya foliki, na aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine. Mashine hizo zilienea katika hospitali za kaunti kupitia mpango wa vifaa ulioanza 2015, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ndiyo kimbilio la ukanda huu, pamoja na majirani kutoka Migori, Homa Bay na Narok. Daktari hawezi kubahatisha, hata hivyo. Anahitaji kuambiwa kilichonywewa, wapi, saa ngapi, na kama kuna mabaki ya kupimwa.

Hapo ndipo ile hofu ya chifu inapoingia. Jamaa humfikisha mgonjwa na kusema ana malaria, au wanaogopa kumtaja mama pima ambaye ni shangazi wa mtu au mke wa jirani. Wengine hawafiki kabisa hadi giza liingie. Ifahamike wazi: daktari hapeleki mashtaka, na kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Siri inayofichwa kumlinda muuzaji imeshawaua watu ambao dripu ingewaokoa.

Kutoka hospitali si mwisho wa mambo. Aliyevuta matapishi anaweza kurudi na nimonia. Aliyelala saa nyingi juu ya mkono au mguu mmoja kwenye sakafu ngumu huweza kuharibu misuli, na taka za misuli hiyo zikaziba figo. Mkojo wa rangi ya chai nyeusi ndiyo ishara. Aliyekosa hewa kwa dakika kadhaa anaweza kuamka akiwa mtu mwingine, msahaulifu na mkali. Mnywaji wa kila siku aliyekatiwa pombe ghafla wodini ana hatari nyingine: siku ya 2 hadi ya 4 hutetemeka, huona wadudu wasiokuwepo, hupata degedege, na bila dawa anaweza kufa. Wengi pia wamepungukiwa vitamini B1. Hao huhitaji sindano ya vitamini hiyo mapema, la sivyo macho huyumba, miguu hupoteza mizani na kumbukumbu huenda moja kwa moja.

Walionusurika methanoli wana safari ndefu zaidi. Neva ya jicho iliyokufa haifufuki, na miwani haiisaidii. Baadhi hubaki na mwili mgumu na mikono inayotetemeka kama ya wazee wa miaka 80. Mji wa Pärnu nchini Estonia, ambako pombe yenye methanoli iliua watu 68 mwaka 2001, ulitoa somo lisilosahaulika: kati ya 86 walionusurika, 20 walitoka hospitali na madhara yanayoonekana. Miaka 6 baadaye, 26 kati ya wale 86 walikuwa wamekufa, na baadhi ya waliodhaniwa wamepona kabisa walikuwa na matatizo ya ubongo. Hao walikuwa katika nchi yenye madaktari wengi na idadi ndogo ya watu.

Kwa Gusii hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, yaani watu 957 na 675 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande. Kijana aliyepofuka katika kipande hicho hawezi kuchuma chai wala kuendesha bodaboda. Anahitaji mtu wa kumshika mkono hadi chooni. Mtu huyo kwa kawaida ni mama yake, au binti aliyeachishwa shule. Gharama ya glasi ya shilingi chache hulipwa na nyumba nzima kwa miaka 40.

Mwenye shida ya kunywa, au familia yake, anaweza kupiga simu bila malipo kwa 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Dharura ni 999 au 112. Pale ambapo mmoja amepofuka ghafla au amekufa baada ya kunywa, wote waliokunywa pombe hiyo watafutwe siku hiyohiyo, boma kwa boma, wapelekwe hospitali hata kama wanacheka na kusema hawana shida. Asidi bado inatengenezwa ndani yao, na macho yao bado yanaweza kuokolewa.